Tandika, Tandua

Balikowa ameuleta kwa pikapu ya matofali,
mtumbwi mwekundu wa plastiki, mtupu kama ganda la njugu,
akaulaza mbele ya kibanda changu hapa Masese,
kati ya viti vya pikipiki vinavyongoja ngozi mpya.
"Mama Tenywa, nitandikie."

Mimi ni fundi wa makalio ya watu.
Najua uzito unapotua, najua unapohama.
Lakini huyu hakai. Hupiga magoti
kama aombaye radhi kwa mto,
na mto, anasema, una siku zake za kusamehe.

Nikashika sponji ya godoro. Akacheka.
"Hiyo hunywa maji, mama. Italewa, inizamishe."
Basi nikaenda kwa mwuza ndala,
nikanunua mabamba mazima, meusi, kabla hayajakatwa nyayo:
sponji ile ambayo huelea
hata mwenye ndala asipoelea.

Nikampima kwa utepe: goti hadi goti, unene wa paja,
kisigino kinapogusa kalio.
Nikachonga tandiko kwa kisu cha mkate chenye sabuni,
jembamba katikati, kama shingo ya mbuzi,
alipande bila kuchubuka.
Gundi nikaipaka mara mbili. Usiku kucha
matofali manne na mwanangu Tenywa walilikandamiza;
Tenywa akasinzia papo hapo,
akaamka shavu limenata.

Kisha mikanda.
Hapo mkono wangu ukasita.

Mjomba Mukose, mwaka ule wa mvua nyingi,
alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili mtumbwini,
ili ziwa lisimpoteze.
Halikumpoteza. Tulimpata upesi sana.
Fundo lake lilikuwa zuri. Tulilikata kwa panga.

"Bila mkanda mimi ni abiria," Balikowa akaniambia.
"Ukinibana mapaja, nikizungusha nyonga
mtumbwi nao huzunguka, tukarudi juu pamoja."
Na usipozunguka?
Akatazama vidole vyake vya miguu.

Usiku ule, cherehani ikitafuna nailoni,
nilikiwaza Kiswahili hiki nilichookota kwa madereva wa malori,
jinsi kilivyoficha mlango wa uani ndani ya vitenzi:
funga, fungua. Ziba, zibua. Tandika, tandua.
Herufi moja tu, u,
midomo ikichongoka
kama ya mtu anayetafuta hewa.
(Pindua nayo inayo. Ila hiyo
ni kazi ya mto, si yangu.)

Basi mshono wangu nao uwe na u yake.
Bizimu ya begi la shule nikaikataa:
inataka vidole viwili na akili iliyotulia.
Nikaikutanisha mikanda yote miwili katikati, kwenye pini moja,
na kwenye pini nikafunga kipande cha ndala nyekundu, kinene,
ili mkono wenye baridi ukipate gizani.
Vuta mara moja, mapaja yote huru.

Tukamjaribu kwenye nyasi. Vijana wakampindua,
mimi nikahesabu kwa sauti.
Nikafika tisa! Mkia wa mkanda ulinasa kwenye suruali.
Nikaukata bila kuuliza bei yake.
Mara ya pili, nne.
Mara ya tatu Tenywa akamwagia ndoo ya maji usoni,
mkono ujifunze kufanya kazi bila macho:
mbili, na Balikowa yuko nje, anatema majani.

Jumamosi anaupeleka Kalagala, kwenye maji meupe.
Mimi siendi. Nina kiti cha boda cha kumaliza,
na sipendi kuhesabu mbele za watu.

Nusu ya pesa amelipa.
Nusu ya pili nimemkataza kuituma kwa simu.
Ailete mwenyewe, mkononi,
nguo zake zikidondosha mto
juu ya sakafu yangu.